Udongo Ulioandikwa Goba

Ilala, Dar es Salaam
6 Oktoba 2023

Kwa binti yangu Sitara,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kama umepata mafua basi umeyapata ukiwa umevaa sweta. Mimi mzima, mashine ya kuchimbia visima nzima, Elibariki naye mzima, ingawa kwa jinsi anavyolalamika mgongo utadhani mzee ni yeye na mimi ndiye msaidizi wake.

Najua utacheka kwamba mtu anaandika barua zama hizi. Simu yetu ya Ijumaa naipenda, lakini kwenye simu wewe unasema mzima, mimi nasema mzima, kisha mtandao unakatika. Tena simu haibebi udongo.

Humu ndani kuna pakiti ya nailoni. Ni udongo wa kisima cha Kivule, mita arobaini na mbili. Tuliumwaga kwenye gunia kama siku zote, kila mita na fungu lake, na hilo la mwisho likanitia wasiwasi. Nimeukausha kwenye kikaango ili watu wa forodha wasiseme nimewapelekea wadudu. Jirani yetu Moza alinikuta nakoroga mchanga jikoni akaniuliza kama mboga zimeisha sokoni. Sasa niambie, wewe ungesimama hapo au ungeshuka? Jibu lako likifika kisima kitakuwa kimeshakwisha, lakini niambie hivyo hivyo. Ulikuwa ukichuchumaa kwenye gunia, unasema hapa maji ya chumvi, na mimi najifanya nilikuwa nimeshajua.

Kariakoo spika zinapigwa tangu asubuhi, sauti inafika mpaka sebuleni, na bado nyumba naiona kimya. Soma, mwanangu. Usiniwazie.

Baba yako,
Mrisho


Aberdeen
30 Oktoba 2023

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na sweta nimevaa mbili. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za bweni nikiwa bado na mkoba mgongoni.

Udongo wa Kivule nimeuosha na kuuangalia. Mchanga ni mzuri, lakini una vipande vya makombe ya baharini na tope la kijivu linaanza kujichanganya. Mimi ningesimama hapo hapo. Ukipita hapo utakutana na chumvi.

Utafurahi nikikuambia tunachofanya huku. Visima vya gesi vinashuka mita elfu tatu, wakati mwingine zaidi, na mawe yanayosagwa huko chini yanapandishwa juu na tope. Sisi tunayaosha, tunayapanga kwenye trei kwa kina chake, tunaandika rangi, ukubwa wa punje, harufu. Siku ya kwanza mwalimu alieleza kwa saa nzima jinsi ya kuyapanga. Baba, ni gunia lako. Wamelitengenezea meza tu. Nilikuwa wa kwanza kumaliza, na aliponiuliza nimejifunzia wapi, nikasema kwa baba yangu, Ilala.

Wenzangu wananipenda, chakula ninacho, joto la chumbani lipo. Ila saa kumi na moja jioni kunakuwa giza na hakuna anayebisha hodi. Nakukumbuka sana. Msalimie Moza.

Mwanao,
Sitara


Ilala
14 Januari 2024

Kwa Sitara,

Marahaba mwanangu. Kivule tulisimama arobaini na mbili, na maji ni matamu. Elibariki alitaka kushuka zaidi. Nilipompa barua yako aisome, akadai yeye ndiye aliyesema tusimame.

Nimekuwekea udongo wa Chanika, mita hamsini na tano. Huu sina wasiwasi nao, nimeutuma ili uuone tu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye maduka ya Gerezani kununua mabomba. Kijana wa dukani akaniuliza yule binti aliyekuwa akija na mimi kuhesabu mabomba yuko wapi. Nikamwambia anasomea miamba iliyo chini ya bahari, ili siku moja Waafrika tujue gesi yetu iko wapi bila kuonyeshwa. Akanipa soda ya bure. Nimekuwa nikiitaja habari yako kila duka tangu siku hiyo, lakini hawajatoa tena soda.

Usiku naota uko uani unafua. Haya, soma.

Baba yako,
Mrisho


Ilala
21 Aprili 2024

Kwa Sitara,

Assalaam alaykum, na Idi njema ingawa imepita. Nisamehe kwa ukimya, kazi ni nyingi. Mvua ni kubwa, Jangwani kumejaa maji, barabara imefungwa mara mbili. Moza alileta pilau ya Idi na kuweka sahani mbili, yangu na yako, bila kufikiri. Yako tukaiacha hapo hapo mezani.

Hizi ni pakiti mbili. Moja ya Goba, mita thelathini na tano. Nyingine ya Mbweni, mita hamsini. Niambie unaonaje. Andika kwa kirefu kama ulivyoandika ya Kivule.

Mimi mzima.

Baba yako,
Mrisho


Aberdeen
19 Mei 2024

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Wewe safari hii sikuulizi kama u mzima. Nakuuliza unaumwa nini.

Pakiti zako niliziosha, nikazichekecha, nikaziweka chini ya hadubini. Goba na Mbweni ni udongo mmoja. Ningesema ni bahati, lakini ndani yake kuna punje za mkaa na vumbi la tofali, na mita hamsini chini ya ardhi hakuna mtu aliyewahi kupika. Kisha nikaona kipande cha rangi ya mafuta, kijani, kidogo kuliko kichwa cha pini. Baba, hiyo ni rangi ya mlango wa choo chetu. Niliipaka mwenyewe nikiwa kidato cha pili, ukanisema wiki nzima kwa kuimwaga chini. Umechota uani kwetu ukaandika Goba.

Sikukasirika. Nilibaki nimeinamia hadubini mpaka mwenzangu akaniuliza kama macho yananiuma. Nilikuwa natazama nyumbani na sikutaka kuinuka.

Lakini nataka ukweli. Mchimba visima hachoti udongo uani kwake kama hajapatwa na jambo. Ijumaa ulisema mzima, nikashindwa kukuumbua kwenye simu.

Nami nina habari yangu. Profesa Severine anataka nibaki kwa uzamivu, miaka mitatu na nusu, kusoma miamba ya chini ya bahari yetu ya kusini. Kwa uzamili huu ninaoumaliza nitaajiriwa kubeba sampuli. Kwa uzamivu nitakuwa mtu anayesema hapa pachimbwe, pale pasichimbwe, na hicho ndicho nilichokifuata huku. Jibu linatakiwa kabla ya tarehe thelathini Juni. Na mimi nataka kurudi, Baba. Nataka vyote viwili.

Mwanao,
Sitara


Ilala
9 Juni 2024

Kwa Sitara,

Marahaba. Umenikamata, na nimeona aibu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Mwezi wa pili, kule Kinyerezi, bomba liliponyoka likanipiga nyonga. Nililazwa wiki tatu. Sasa natembea kwa magongo, kutoka kitandani hadi uani, na daktari amesema kwenye mashine nisirudi. Mashine anayo Elibariki, anafanya kazi vizuri, nakiri hilo. Yeye na Moza niliwakataza wasikuambie neno. Usiwalaumu, niliwaapisha.

Kisha nikakaa na kalamu nikaona sina udongo. Nikajiambia nikituma barua tupu, mtoto ataniandikia salamu na afya na basi. Barua yako ya Kivule nimeisoma hadi karatasi imekatika kwenye mikunjo. Nilitaka nyingine kama ile. Ndipo nikakaa kwenye kigoda uani na upawa wa mama yako, Mungu amrehemu, nikachimba. Goba na Mbweni vyote ni shimo moja, kina cha kiganja. Nimechimba visima miaka thelathini na sijawahi kumdanganya mteja hata mita moja, nimekuja kukudanganya wewe.

Kuhusu kubaki. Nimeandika sentensi ya kukuambia ubaki mara nne na kuichana mara nne. Kila barua nilikuandikia usiniwazie. Ulikuwa uongo mkubwa kuliko wa udongo. Nataka uniwaze. Nimekukumbuka mpaka naongea na viatu vyako mlangoni.

Uamuzi ni wako, na mimi ninajua ulichokifuata huko. Ila tafadhali usiniulize, maana ukiniuliza nitasema urudi.

Baba yako,
Mrisho


Aberdeen
4 Julai 2024

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Pole, Baba. Pole sana. Nimelia kwa ajili ya hiyo nyonga, na kwa ajili ya wiki tatu za hospitali ambazo mimi nilikuwa naandika habari za mawe.

Nina la kukiri na mimi. Barua yako ilifika tarehe ishirini na sita. Nikaiweka mezani siku tatu sijaifungua. Nilijua ndani yake kuna neno moja ambalo nikilisoma nitapanda ndege. Siku ya nne asubuhi nilikwenda kwa profesa, nikamwambia nakubali, nikasaini. Nikarudi chumbani, ndipo nikaifungua.

Nikakuta umeandika nisikuulize.

Sikukuuliza, Baba. Nimekaa na barua yako mkononi na sijui kama nimekutii au nimekukimbia. Ningeweza kusema nimefanya hivi kwa ajili yako, au kwa ajili ya nchi. Nimefanya kwa sababu naipenda hii kazi, na niliipenda kutoka kwako.

Desemba nitakuja kwa wiki tatu. Niambie ukweli kama umenikasirikia. Naweza kuubeba, ila kimya chako siwezi.

Mwanao,
Sitara


Ilala
28 Julai 2024

Kwa binti yangu Sitara,

Marahaba, mwanangu. Sijakukasirikia. Siku mbili sikula vizuri, Moza atakusimulia kwa chumvi, lakini hasira haikuwepo. Ulifanya sawa kutoifungua. Mimi niliyeiandika nilikuwa natumaini utaifungua mapema, na hiyo ndiyo haki ya mzazi, kutumaini vibaya kidogo.

Elibariki alikuja na bajaji Jumamosi akanipeleka Kinyerezi, kwenye kisima kipya. Wameniwekea kiti kando ya gunia. Wanaleta udongo, natazama, nasema shuka au simama. Nyonga inauma nikikaa sana, lakini nimerudi kazini.

Miaka mitatu na nusu nimeihesabu, nitakuwa na sitini na nane. Nitakungoja. Si kwa ushujaa, mwanangu, ni kwamba sijui kufanya kingine.

Njoo hiyo Desemba. Chumba kiko tayari, Moza ameshaanza kupanga vyakula. Nina ombi moja tu. Siku ya kuondoka usiniage. Mizigo itangulie na Elibariki, halafu wewe toka tu kama mtu anayekwenda Kariakoo kununua vitunguu, na mimi nitakuambia usichelewe.

Baba yako,
Mrisho