Kichwa cha Mama Funguo

Hosteli ya Mama Funguo,
Chumba cha Wanaume, kitanda cha juu karibu na dirisha.
Jumapili, nguo zangu zikiwa bado kambani.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti hayakusumbui, na kipara chako kinaendelea kung'aa kiasi cha kuwafaa majirani umeme ukikatika. Mkaza mjomba hajambo? Bado anakuficha sukari? Aendelee hivyohivyo, mimi niko upande wake. Binamu zangu nao wazima?

Mimi sijambo kabisa. Nakula, nalala, na tangu nifike huku nimezidi kuwa mzuri wa sura. Wenyeji wanasema hivyo. Sawa, kioo ndicho kinasema, lakini kioo nacho ni cha wenyeji.

Najua mama ameshakupigia simu akilia kwamba mwanawe amepotea. Wewe ndiye uliyemwambia, "Mwache aende, ni mwanamume." Ahsante, Mjomba. Ila ulisahau kwamba baba mdogo naye alikuwa na neno lake: saluni ya huku nilikoomba kazi ya unyozi ikinikataa, Jumatatu niwe kwenye udongo namsaidia kufyatua matofali. Kalibu, lile boksi la kufyatulia, alikuwa ameshaniandalia. Kwa hiyo ujue nilisafiri na jambo gani kifuani.

Kusafiri peke yako si mchezo, nakwambia. Nimezoea basi likisimama kuwe na mtu wa kumwambia, "Nishikie begi, nakuja." Safari hii sikuwa na wa kumwambia. Nikaenda msalani na begi, na sanduku la vifaa, na mto alionilazimisha mama. Abiria wakanitazama. Na watazame.

Sasa hosteli. Hosteli si hoteli, Mjomba, wala si nyumba ya mtu. Ni chumba kimoja chenye vitanda vilivyopandana, humo mnalala watu msiojuana hata ukoo, kila mtu na kabati lake na kufuli lake. Mimi niliingia kama naingia kwa bibi. Nikampa kila mtu mkono, nikauliza habari za kwao, habari za watoto. Mmoja alikuwa na mswaki mdomoni, akanijibu kwa mapovu. Kisha nikachagua kitanda cha juu ili niwatawale vizuri, nikaketi kwa fahari, nikapiga dari kwa utosi, puu!

"Kila mgeni hulipiga hilo dari mara moja," akasema dereva wa lori aliyelala chini yangu, hata macho hakufungua. "Ukilipiga tena ndio tutajua una tatizo."

Nililipiga tena asubuhi. Alicheka tu mpaka kitanda changu kikatikisika.

Mwenye hosteli tunamwita Mama Funguo. Ni mama mdogo wa umbo, kilemba hakimtoki kichwani, na kiunoni ana rundo la funguo, unamsikia kabla hujamwona. Anaamka kabla ya watu wote anachemsha maji ya kuoga. Akiona taulo limeanguka anajua ni la nani. Tangu nifike sikuwahi kumwona ameketi. Siku ya kwanza alikitazama kitanda changu akauliza, "Wewe kijana, hilo shuka limepigana na nani?"

"Na mimi, mama. Nimeshinda."

Hakucheka. Alisimama pale mpaka nikalitandika upya, halafu akanitandikisha tena. Mjomba, mimi siogopi mtu, unanijua. Huyu nilimwogopa palepale, na moyoni nikampenda.

Ijumaa nikaenda saluni kwenye jaribio langu. Ni saluni kweli, si kama kibanda chetu. Vioo ukuta mzima, viti unakanyaga vinapanda na mteja wake. Nikapanga vifaa: mashine, vitana, mkasi, brashi, vyote nimevifuta kwa spiriti vinameta. Mwenye saluni ni bwana mnene mwenye sauti ndogo kama ya ndege. Akavipitia vyote, akaitikia kwa kichwa, kisha akasema, "Vifaa nimeviona. Wa kunyolewa yuko wapi?"

Kumbe utaratibu wao ndio huo. Kinyozi anayejaribiwa anakuja na mtu wake wa kunyoa, wao hawakupi mteja wao umharibu. Kwetu je? Kwetu watu wako kwenye benchi tangu asubuhi, wanabishana mpira, ni kuwaita tu. Sikuwahi kufikiri kwamba kichwa ni kitu cha kubeba safarini! Wenzangu wote wa jaribio walikuja na ndugu au rafiki. Mmoja alikuja na baba mkwe wake. Huyo ama anajiamini sana ama amemchoka mkewe.

"Nafunga jioni," akasema yule bwana. "Ukipata mtu, rudi. Usipopata, safari njema."

Hapo ndipo nilipojua ugeni ni kitu gani. Nilisimama barabarani nikawa namwambia kila anayepita, "Kaka, nikunyoe bure?" Kila kaka alishika mfuko wake akaongeza mwendo. Mama mmoja alimvuta mwanawe wakavuka upande wa pili.

Nikakimbilia hosteli. Dereva wa lori akavua kofia, na chini ya kofia nikakuona wewe. Yaani kipara chako kilekile! "Ningekupa, mwanangu," akasema, "lakini shamba lilishavunwa." Kuna na kijana mwingine tunayemwita Bwana Harusi kwa sababu yuko njiani kwenda kuoa. Huyo ana nywele za kutosha.

"Hizi nimezilea kwa ajili ya harusi," akasema. "Ukikosea nitamwambia nini mchumba wangu?"

"Mwambie ni mtindo."

Akajifunika kichwa kwa mto.

Nikaketi kwenye ngazi. Nilishaanza kuusikia ule udongo katikati ya vidole. Mara nikasikia funguo zinakuja.

"Hayo machozi yasidondokee ngazi yangu. Nimeshapiga deki."

"Silii, mama. Ni vumbi."

"Vumbi?" akasema. "Kwangu?"

Ikabidi nimweleze yote, maana nilikuwa nimeshamtusi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka ndoo chini, akafungua kilemba. Mjomba, nywele! Nyingi, nzito, zenye mvi, zimesukwa mpaka mabegani.

"Kila saluni nikiwaambia wakate, wananibembeleza. Suka hivi, tia dawa ile. Nimechoka kuzibeba. Na wewe utanibembeleza?"

"Nakata, mama."

"Basi twende. Na usijidai, si kwa ajili yako."

Akamwachia dereva ufagio na mlango. "Mtu akija na viatu vya matope, mrudishe." Dereva akasimama wima kama askari.

Tulipoingia saluni vinyozi wakacheka. Yule bwana akasema kwa sauti yake ndogo, "Kijana, hapa tunanyoa wanaume." Mama Funguo alikuwa ameshakaa kitini. Akajipiga utosini kwa kiganja. "Umemwambia alete kichwa. Hiki ni nini, boga?"

Yule bwana akanipa kitambaa cha kumfunga shingoni.

Sikuwahi kukata nywele za mwanamke. Nikafumua misuko mmoja mmoja, nikapunguza kwa mkasi, nikaja na mashine polepole. Nywele zake laini kama sufi. Baadaye nikahisi kuna kitu kimepungua, nikatega sikio: funguo zimenyamaza. Nikachungulia kwenye kioo. Mama Funguo alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo kama mtoto, mashine inanguruma sikioni mwake.

Niliogopa kuliko mwanzo. Mtu asiyeketi, amelala mikononi mwangu! Nikawa napumua taratibu nisimwamshe. Mwenye saluni akaja, nywele hakuzitazama. Alitazama mabega ya mama namna yalivyolegea. Akaweka kidole mdomoni kuwaashiria wengine wanyamaze, kisha akaninong'oneza, "Kukata nitakufundisha. Hili la kumtuliza mtu mpaka alale, mimi sijui kulifundisha. Jumatatu uje mapema."

Jumatatu, Mjomba! Ileile ya baba mdogo.

Alipoamka alijitazama, akapitisha kiganja kichwani, mbele, nyuma, mbele tena. "Nimelala?"

"Hapana, mama."

"Mwongo."

Alirudi nyumbani bila kilemba, amekizungushia mkononi. Ungemwona! Shingo imesimama, mvi fupi zinang'aa, masikio madogo mazuri ambayo hakuna aliyejua anayo. Watu waligeuka. Mimi nilikuwa nyuma na sanduku langu kama mlinzi wa malkia.

Njiani akauliza ni nani aliyenifundisha mkono mwepesi hivyo. Nikamweleza habari zako: jinsi ulivyokuwa ukikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba kila Jumamosi ili nijifunzie kunyoa kichwani kwako, na nywele zako zimeshaanza kuaga, mimi nakata kila unywele kama una mama yake anayeusubiri. Nilikuwa nazionea huruma, Mjomba. Kweli kabisa.

Hapo ndipo Mama Funguo alipocheka. Alicheka mpaka funguo zote zikalia. Akasema, "Mwambie mjomba wako nywele zake hazikupotea bure."

Basi ndio nakwambia.

Nisalimie mkaza mjomba na sukari yake, binamu zangu wote wawili, yule mrefu na yule mlafi, na bibi akipiga simu. Mama mwambie mto wake ndio unaoniokoa na dari. Baba mdogo mwambie kalibu ampe mwingine. Mungu akulindie afya na kila unywele uliobaki.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, kinyozi wa mtu mmoja tu katika mji huu, na mmoja huyo anatosha.