Simu Mbili, Akaunti Moja

Jumatatu, 4 Machi

Simu imejibadilisha yenyewe! Nimeamka nakuta maandishi yamenenepa, programu zimehamahama, na ujumbe juu: asante kwa kujiunga na toleo la majaribio. Kujiunga? Mimi nimejiunga lini?

Karakanani nikapiga hesabu ya dirisha. 1.2 mara 0.9. Simu inasema 1.1. Ni 1.08! Kioo hakikatwi kwa kukisia. Nimerudi kutumia kichwa changu – hicho hakijawahi kuomba kusasishwa.

Na chaji imekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Jumanne, 5 Machi

Mwenye zahanati kapiga. Milango ya vioo keshampa mtu mwingine. Nilipima Jumamosi tu! Huyu ni wa tatu tangu mwezi uliopita. Nafika, napima, nataja bei – kesho yake kuna fundi keshapita na bei ya chini. Ananusa wapi? Mke wangu anasema soko limebana. Sawa, lakini soko halijui niko mtaa gani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempelekea simu binti wa duka la simu. Kaniita mzee. Miaka arobaini na mbili! Nikamwambia anitolee hilo toleo. Anasema kulitoa ni kufuta simu nzima. Nikauliza nani kaniingiza. "Wewe mwenyewe, mzee. Au mtu aliye ndani ya akaunti yako."

Nikajua huyu anataka hela ya kufuta. Akanigeuzia simu nione: akaunti yangu ina simu mbili. Hii, na ile ya zamani.

Ile ya zamani anayo mdogo wangu. Nilimpa mwaka jana alipotoka karakanani kwangu kwenda kujitegemea. Fundi vioo kama mimi – na kukata kioo bila kukipasua nilimfundisha mimi! Kitu kipya kikitoka lazima awe wa kwanza, tangu utotoni. Atakuwa kajiandikisha huko kwake, akaweka alama kwenye simu zote mbili. Pupa tu.

Chini yake mstari mwingine, wa toleo hilihili: wiki hii mahali ulipo pametazamwa mara 14.

Binti kaona uso wangu. Akasema nisiogope, matoleo haya yana kasoro, huenda linahesabu vibaya. Huenda. Lililoshindwa na 1.08 nitaliamini kwenye 14?

Nimemwambia asifute kitu.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu: muulize, yaishe. Eti namshuku shemeji yake kwa ushahidi wa simu ninayoitukana kutwa. Hapo kanikamata. Lakini mbona anamtetea mbiombio hivyo?

Akanikumbusha nilivyoanguka karakanani, ile presha. Nani alinibeba mgongoni hadi kwenye gari? Najua. Ndiyo maana siulizi! Nikiuliza na hana kosa, nimempoteza ndugu. Nikinyamaza na kweli ni yeye, karakana inafungwa, na mafundi wangu wanne nao wana watoto.

Jioni mwenyewe kapita. Vichekesho kama kawaida. "Kaka, simu inaendeleaje? Yangu inamaliza chaji kabla mimi sijamaliza chai!" Tukacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu. Kwa nini kaulizia simu? Angeulizia afya.

Jumatatu, 11 Machi

Leo sina mteja. Nimekuja kwenye jengo lisiloisha, nje kabisa ya mji. Matundu arobaini na nane ya madirisha, hakuna mlinzi, hakuna mwenyewe. Fundi vioo yeyote akiona niko hapa, mate yatamtoka. Sijamwambia mtu. Mke wangu anajua niko karakanani. Simu iko mbele yangu kwenye dashibodi. Nasubiri.

Saa nzima, kimya. Jua linachoma. Naanza kujiona mpumbavu – mtu mzima namtega mdogo wangu kama panya.

Imelia. Yeye!

"Kaka, uko salama? Umekaa hapo muda mrefu, presha tena?"

Hapo! Hapo wapi? Nikamuuliza. Eti shemeji ndiye kamwambia. Shemeji gani? Shemeji hajui! Lakini sauti yake ilikuwa inatetemeka. Hofu ya kukamatwa, au hofu ya kunikuta nimeanguka? Kwa simu huwezi kujua.

Nikasema: njoo.

Anakuja, naona vumbi la gari lake. Mbio – njia hii haitaki mwendo huo. Kasimama. Kashuka hata mlango hajafunga. Mkononi ana chupa ya maji na dawa zangu zilezile za presha, kazinunua njiani.

Na kwapani kabana futi ya kupimia.

Anagonga kioo cha gari. Sijafungua.