Chupa Kutoka Ikulu

Jumatatu, 5 Novemba 1962

Zahanati imejaa, malaria tupu. Mchana nikachemsha mikojo na ile dawa ya bluu ya kupimia sukari. Chupa ya mtemi aliileta mnyampara wake, msaidizi wake wa ikulu, kama kawaida. Dawa ikabaki bluu. Eti hana sukari! Mara ya tatu hii. Na mtu anamaliza mtungi wa maji kwa siku, kidonda cha kidole cha mguu hakikauki tangu mavuno. Dawa yangu haijaharibika. Mkojo wa mwalimu mgonjwa wa kisukari uliigeuza nyekundu kama tofali. Sikosei mimi. Chupa ndiyo inayodanganya.

Jumatano, 7 Novemba

Nimembana mnyampara. Akacheka, kisha akasema kweli: mkojo ni wake yeye.

"Mkojo wa mtemi hautoki ikulu, daktari. Wabaya wakiupata wakamroga, tumekwisha."

Kumbe muda wote nampima mnyampara! Mzima kama punda. Nimekasirika hata kula sikula.

Ijumaa, 9 Novemba

Nimekwenda mwenyewe, taa ya spiriti kikapuni. Nikachutama, nikapiga makofi ya heshima. Nikasema nitachemsha mbele yake na kumwaga chooni mwake. Akakataa. Mvua imechelewa, watu wakijua mtemi anaumwa, watasema ndiyo sababu. Nikamwambia wazi: sukari itakula mguu, kisha itamla mwenyewe. Wanyampara wakanitoa nje.

Mzee jeuri. Nampenda hata hivyo. Ndiye aliyenipeleka shule.

Jumatano, 19 Desemba

Mvua imenyesha, sababu yake imekwisha. Nimerudi ikulu. Nimezuiwa mlangoni. Harufu ya kidonda niliipata pale pale. Nimeogopa. Si kawaida yangu.

Jumanne, 8 Januari 1963

Serikali imefuta vyeo vya watemi. Wanyampara wametawanyika.

Asubuhi nimemkuta mzee kwenye benchi la zahanati, na fimbo yake. Watu walitaka kumpisha, akakataa. Shikamoo. Marahaba. Zamu yake ilipofika akatoa chupa kwenye koti.

"Sasa ni mkojo wa mzee tu. Nani atahangaika nao?"

Nikachemsha akiangalia. Kijani, manjano, tofali. Nilijua. Kidole kimekufa, lakini mguu utapona. Kesho tunapanda lori kwenda hospitali Tabora, na nitakaa naye mpaka achomwe sindano ya kwanza.

Akauliza mkojo uliobaki unamwagwa wapi. Nikamwonyesha choo cha nyuma. Alikwenda nao mwenyewe, polepole. Akarudi, akaisuuza chupa, akaketi tena kwenye benchi.