Rangi ya Mahali Pasipopimwa

Kwako Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, na umfikishie Mama zake kabla hajaanza kununa kwamba barua zote naandika kwa jina lako. Mgongo unaendeleaje? Nimeambiwa ule mkanda uliopewa na daktari umeutundika nyuma ya mlango kama koti la mgeni, huuvai. Uvae, Baba. Mimi mwili ni mzima, nashukuru Mungu, lakini moyo umechafuka, na nikiendelea na salamu zaidi ya hapa nitaishiwa na ujasiri.

Kwa hiyo nakuomba ufanye jambo moja kabla hujasoma mbele. Weka barua mezani, nenda jikoni, mwambie Mama amwage maji yote ya kisima yaliyomo ndani: ya ndoo, ya birika, na yale ya chupa ya shule ya Chiriku. Mwanangu asinywe tena maji hayo, hata funda moja. Yasipikiwe chai wala uji wala chochote kinachoingia tumboni. Mrudi kuchota kule kwenye bomba la zamani, lile la foleni na matusi. Chanzo cha bomba lile kiko kata nyingine na kilipimwa, namba zake nimezisoma kwa macho yangu. Ukimaliza rudi ukae, nitakueleza yote.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, Baba. Ukaniweka spika kama kawaida yako, baraza zima likaanza kunisalimia, fundi cherehani akataka kujua nitaolewa lini, na kila nilipotaja maji ulinikatiza ukiwaambia wageni kwamba huyu ndiye aliyetuonyesha pa kuchimba. Nikakata simu, nikalia. Halafu nikakumbuka kwamba mtu aliyekuwa karani wa mahakama maisha yake yote haamini kitu mpaka akione kwenye karatasi. Haya basi, karatasi ndiyo hii, na nyuma yake nimebana nyingine yenye mhuri wa maabara.

Yalianza Mama alipokuja kunitembelea akanibebea dumu la maji ya kwetu. Nilimcheka sana. Nani anasafiri kutwa nzima amepakata maji, jamani? Akasema maji ya huku yananuka dawa, na kwamba chai ya kisima cha babako haitaki hata sukari. Tukapika, tukanywa, na kweli ilikuwa tamu. Ndipo akanipa habari za Chiriku. Akasema siku hizi haruki kamba tena, akirudi shule anakaa kizingitini akikanda magoti, na miguu yake imeanza kupinda kwa nje kama mabano. Akasema meno yake ya ukubwa yameota na madoa ya rangi ya chai, na wewe kila asubuhi unamsimamisha mbele ya kioo asugue mpaka fizi zitoe damu, kwa kuwa umeamua ni mvivu wa mswaki. Mama alikuwa akisimulia huku anacheka na kuigiza unavyomkagua kama askari wa gwaride. Mimi nilikiweka kikombe chini.

Magoti na meno kwa pamoja, kwa mtoto mdogo, mtu wa kazi yangu anajua maana yake. Kuna madini yanatoka kwenye miamba huko chini, yanaitwa floraidi. Yakiwa kidogo hayana neno. Yakizidi yanaingia kwenye mifupa ya mtoto anayekua, kimyakimya, na maji yanabaki meupe na matamu vilevile. Na Mama asiseme kwamba anachemsha. Najua anachemsha, tena kwa bidii, simjui mwanamke mwingine anayechemsha maji kama yeye. Lakini kuchemsha kunaua vijidudu, na haya hayana uhai wa kuuawa. Maji yanapungua sufuriani, madini yanabaki yote. Tumekuwa tukimpa mtoto makali zaidi huku tukijisifu kwa usafi.

Sasa nikueleze ile ramani iliyo ukutani kwako, uliyoitia kioo ukaitundika juu ya picha yenu ya harusi. Kazi yangu, kama unavyopenda kuwaambia watu, ni kuipaka nchi rangi. Inachekesha, lakini ndivyo ilivyo. Namba za visima zinaletwa ofisini, mimi nazigawa katika makundi ndani ya kompyuta, na kila kundi nalichagulia rangi ya kujaza eneo lake: kijani kwa maji salama, njano kwa ya kuangaliwa, rangi ya chungwa kwa mabaya, nyekundu kwa yasiyofaa kabisa. Pembeni chini naweka ufunguo, vile visanduku vidogo vyenye maneno, ili hata asiyejua lolote aelewe rangi ipi inasema nini. Kata ambazo wapimaji hawakufika, kwa sababu ya barabara mbovu au gari kukosa mafuta, nilizipaka kijivu, na kwenye ufunguo nikaandika: hapajapimwa. Kata yetu ilikuwa mojawapo. Hakuna mpimaji aliyewahi kukanyaga kwetu, Baba, hata wa kupotea njia.

Bosi alipoiona akakunja uso. Akasema ramani ina mabaka kama shati la fundi magari, na kwamba wageni wa siku ya uzinduzi watadhani ofisi yake imelala usingizi. Akaniamuru niondoe kijivu. Nikamwambia hicho kijivu ndicho kitu pekee cha kweli tunachojua kuhusu kata zile. Akanijibu kwamba ukweli huo nitauweka kwenye toleo la pili. Nilibishana naye, tena mbele za watu, unaujua mdomo wangu. Mwisho nikafuta kisanduku kile kwenye ufunguo, nikitegemea kata zile zitabaki tupu, nyeupe, angalau mtu ajiulize. Kumbe kwa jinsi nilivyokuwa nimeipanga, programu ilipokosa namba ilihesabu sifuri, na sifuri ikaangukia kundi la kwanza. Kata zote zisizopimwa zikageuka kijani mbele ya macho yangu. Mahali ambapo hakuna aliyeenda pakawa ndipo penye maji mazuri kuliko kote. Nilimwonyesha bosi, akasema sasa imependeza. Ikapelekwa kuchapwa, na toleo la pili hatujaliona mpaka leo.

Maji yaliyobaki kwenye dumu la Mama niliyapeleka maabara. Yule bwana wa vipimo ni mtu wa mzaha, hawezi kumaliza sentensi bila kucheka, lakini aliponipa majibu hakucheka. Aliniuliza maji haya ni ya wapi. Nikamwambia ni ya nyumbani. Akaniuliza nani anakunywa. Nikachukua karatasi nikaitafuta namba. Kundi la mwisho kwenye ramani yangu, lile jekundu lililoiva, linaishia kwenye miligramu sita kwa lita. Maji ya kisima chetu yalitoa kumi na moja. Sina rangi yake, Baba. Nilipotengeneza ufunguo ule sikudhani kuna watu wangekunywa kitu cha namna hiyo.

Tangu siku hiyo sina amani. Nimempelekea bosi karatasi, akasema kisima kimoja hakiwezi kuisemea kata nzima, tusubiri bajeti. Nimeenda idara ya afya, wakaniambia nirudi ofisini kwangu. Nimerudi ofisini, nikapiga kelele, na sasa nikipita kwenye korido watu wanainamisha vichwa wanajifanya wanasoma simu. Nikifungua kompyuta naziona kata zile nyingine zenye kijani cha uongo, nawaza na huko wako akina Chiriku wangapi, na wamesimamishwa mbele ya vioo vingapi. Daktari wa watoto amenieleza kwamba kwa kuwa Chiriku bado anakua, akiacha maji yale sasa hivi, miguu inaweza kunyooka kiasi. Meno yatabaki yalivyo. Nilimng'ang'ania aniahidi kuhusu miguu, karibu nimshike koti. Hakuniahidi.

Mpaka hapa najua umemlaani bosi wangu, nami nimekuacha umlaani, kwa sababu inanipa nafuu. Lakini lipo lililonikwama kooni, na lazima nilitapike.

Unakumbuka siku wachimbaji walipofika na mitambo yao. Chiriku alikuwa mdogo, ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu vidole. Ulinipigia simu, ukaniweka spika. Nikasikia uani kumejaa watu. Ukasema kwa sauti kubwa kwamba unazungumza na binti yako, mchora ramani, na ukaniomba niwaambie wote wasikie kama kwetu ni kijani au si kijani.

Bosi hakuwa karibu. Hakuna aliyenishikia kisu. Nilikuwa peke yangu mezani, ramani iko mbele yangu, na nilijua fika kijani kile kilitoka wapi. Neno moja lingetosha. Ningesema hapajapimwa, maji ya kwanza yangetoka ungenijazia chupa ukaniletea kabla mtu hajanywa, basi. Lakini, Baba, tangu nilipopata mimba ya Chiriku bila ndoa, ulikuwa hujanitaja mbele za watu. Ulikuwa unasema "yule". Yule amepiga simu. Yule ametuma nguo za mtoto. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilisikia ukisema binti yangu, na sauti yako imejaa, na watu wote wanasikiliza. Nikaogopa kwamba nikisema hatujui, nitakuwa yule tena.

Nikajibu kwamba ni kijani. Wakapiga makofi, niliyasikia. Nimejitetea miaka yote hii kwamba sikudanganya, uliniuliza rangi nami nikakutajia rangi. Huo ndio utetezi wangu, na wewe uliyekaa mahakamani unajua thamani yake. Nilinunua jina langu kinywani mwako, na aliyelipa ni mwanangu, kwa magoti yake.

Sasa nakusihi, na kama ningekuwa mbele yako ningepiga magoti. Chukua ule mnyororo wa baiskeli yako, funga mpini wa pampu leo hii. Usingoje kesho, usingoje nije. Nitakuja Jumamosi hata wakinifukuza kazi, na nitamchukua Chiriku nimpeleke hospitali kubwa, lakini maji hayawezi kusubiri Jumamosi. Najua kisima kile ni fahari yako. Najua mtaa mzima unakuita Baba Kisima na kwamba humnyimi mtu ndoo. Ndiyo maana siwezi kukuomba ufunge kimyakimya. Kwa fundi cherehani kuna watoto watatu, na mkwe wa jirani ananyonyesha. Waite walewale waliokuwa uani siku ile. Simu yangu uliiweka spika wasikie. Barua hii nayo wasomee kwa sauti, yote, na pale nilipokiri usiruke hata neno kwa kunionea haya. Wakitaka kutukana, waambie mchora ramani anakuja Jumamosi, wanitukane mimi.

Ukiamua baada ya hapo kuniita yule, nitaitika.

Nisalimie Mama, umwambie asijilaumu kwa kuchemsha. Nisalimie na majirani wote, kama watazipokea salamu zangu. Chiriku mbusu kwenye paji la uso. Na kesho asubuhi, Baba, tafadhali usimsimamishe mbele ya kioo. Mwambie tumegundua kwamba alikuwa anapiga mswaki vizuri, siku zote.

Ni mimi,
mama yake Chiriku.