Siku ya Posa ya Aurore

Kagarama, Jumapili

Kaka yangu Silvère,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Liliane na watoto. Natumaini mmeshapumzika, maana mwezi sasa umepita tangu pilikapilika za posa ya binti yenu Aurore. Huku mimi ni mzima, ila mgongo. Baba anakula, analala, ananuna, siku nyingine anacheka. Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Buyenzi tulichokulia, maana kwenye simu huwa unanijibu kwa Kifaransa kwamba uko mkutanoni.

Kwanza nikupongeze. Hema lilipendeza, na baba ulimkalisha mbele kabisa. Suti uliyomtumia ilimkaa vizuri. Mimi ndiye niliyemvalisha, tukabadilisha suruali mara mbili kabla gari lako halijafika. Ulipowaambia wageni kwamba tangu mama afariki umembeba baba mikononi mwako, nilikuwa nyuma ya kiti chake na taulo. Kaka, kutoka kwako Kacyiru hadi kwetu si safari ya kufungasha chakula, lakini tangu Pasaka ulikuwa hujakanyaga. Kisha yule mama wa upande wa bwana harusi akakuuliza mlimpata wapi mfanyakazi mpole namna hii, nawe ukatabasamu tu. Nilisikia. Iliniuma, na bado inaniuma.

Usidhani kumtunza baba ni mateso matupu. Asubuhi nikimpaka mafuta miguuni, akanisimulia jinsi alivyomkimbiza mama kwa baiskeli ya kuazima, tunacheka mpaka nasahau chai jikoni, na najiona nina bahati kuliko wewe. Halafu mchana ananitupia sahani, ananiita mwizi, nami namjibu vibaya, kisha nafua shuka huku nalia. Vyote viwili ni kweli.

Sasa nije kwenye lile lililowachekesha. Wajua baba enzi zake alikuwa msemaji wa posa, familia zilimfuata hadi nyumbani. Alipowasikia wageni wakiomba binti kwa yale maneno ya zamani, akasimama, yeye ambaye siku hizi hata jina lake humpotea. Akasema Aurore bado mtoto, mwenye zamu ni Daphrose; kwamba amemweka ndani hadi kichwa kimeingia mvi, na leo anamtoa, anayemtaka amchukue. Hema zima likacheka. Wewe ukachukua kipaza sauti, ukaomba radhi kwamba mzee amechanganyikiwa.

Hakuchanganyikiwa, kaka. Mugenzi, fundi cherehani wa pale Sonatubes, amekuwa akiniomba tuoane tangu mkewe alipofariki, nami kila mara namjibu kwamba nina baba. Tulizungumza hayo sebuleni, mbele ya mzee, tukidhani hasikii. Kumbe alisikia yote. Nilikwenda nyuma ya hema nikalia, wala si kwa aibu.

Basi nikuambie. Alhamisi iliyopita nilifunga ndoa na Mugenzi kwenye ofisi ya serikali ya sekta yetu. Baba alikuwepo, amevaa ile suti yako. Sikukualika, nilijua utakuwa mkutanoni. Mugenzi alikuwa radhi tukae na baba kwake, chumba tukigawe kwa pazia. Mimi ndiye niliyekataa. Nimechoka, Silvère, na nilianza kuogopa kwamba nitamchukia baba. Jumamosi asubuhi namleta kwako. Usiniambie habari za ngazi. Chumba cha wageni kiko chini, nilikipiga deki mwenyewe siku ya posa.

Nisalimie wifi, na Aurore mwambie namwombea heri. Nitakuwa nakuja kumwona baba nikipata nafasi, kama ulivyokuwa ukija wewe. Akiamka huwa haulizi chochote, ananiita tu kwa jina langu hadi aitikiwe.

Itika.

Dada yako,
Daphrose