Kichwa cha Mtakatifu

Nineth shoga, nimeaibika leo hata nguvu ya kulia sina.

Unakikumbuka kile kibao cha udongo mweupe chenye sura ya mtakatifu, mama mkwe alichokileta kutoka hija ya Esquipulas? Alikiweka kwenye meza ya sala, eti nitakula kipande siku ya uchungu wa kuzaa, kiwe baraka. Nimekitafuna leo. Kichwa chote.

Mimba ya miezi saba, shoga. Kiungulia kinanichoma mpaka kooni, miguu imevimba, usingizi sina. Nikilamba udongo tu, moto unazima. Na juzi nesi kaniambia damu yangu iko chini, niache udongo, nile maharage na mboga za majani. Nikamwapia kabisa!

Mama mkwe kaingia. "Kichwa cha mtakatifu kiko wapi?"

Kiko mdomoni, Nineth. Midomo yote myeupe.

Kauliza tena, polepole: "Zoila, kichwa kiko wapi?"

Nikangoja matusi. Wapi! Kaketi, kavua kandambili. "Mimi mimba ya huyu Wilmer mumeo nilikula ukuta wa udongo wa jikoni. Nikazimia nikifua, damu hakuna. Wilmer alizaliwa mdogo kama njiwa."

Kaniletea bakuli la maharage, kakamulia ndimu. "Kula. Nakutazama."

Nimemaliza lote. Sasa kasinzia pale pale kitini, kiungulia kimerudi, na miguu ya mtakatifu bado iko mezani, inanukia kama mvua ya kwanza.

Nipigie sasa hivi. Niongeleshe chochote.