Kwa Baba Yetu Athol, na Udongo Mwekundu wa Buti Zake

Baba, mwaka umezunguka, na miakasia ya nyuma ya nyumba imechanua njano tena kama wiki ile ulipotuacha. Uliondoka Agosti, baridi ikiwa inaisha, viazi vya mbegu umeshavipanga kwenye trei za mayai pale dirishani ili vitoe machipukizi. Tulirudi kutoka hospitali tukavikuta vimechipua, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvigusa.

Wanaokufahamu wanajua ulivyokuwa. Kazi ya reli ilikuzoesha kuamka kabla ya watu, na hata ulipostaafu hukuacha. Chai uliinywa umesimama mlangoni. Baada ya kila dhoruba ulishuka ufukweni na magunia, ukaokota mwani, ukausuuza chumvi kwa mpira wa maji, ukautandaza kwenye matuta. Uliwasalimia kuku kwanza, sisi baadaye. Mtu wa mtaani akiugua alikuta kabichi mlangoni kwake, na aliyeiweka ameshapotea.

Lakini hatutaandika mema peke yake, Baba. Mama ametukataza. "Mkimwandika kama malaika," alisema, "jina langu litoeni humo." Kwa hiyo tunakueleza yaliyompata Mama mwaka huu, na wasomaji watusamehe wakisikia mambo ya ndani.

Unajua Mama alikuwa amekutilia shaka. Miaka yako ya mwisho, kila Jumamosi ya Agosti, ulipakia kwenye pikapu koleo, gunia la samadi ya kuku na sehemu ya viazi vya mbegu, ukaondoka hadi alasiri. Ulisema kuna mzee mmoja unamsaidia kutayarisha bustani yake kabla majira ya kuchipua hayajaingia.

"Mzee gani?" Mama aliuliza.

"Humjui siku hizi."

"Kwa hiyo zamani nilimjua?"

"Chai inapoa, Verna," ulisema, ukatoka kwenda kwa kuku.

Jibu hilo lilimkaa rohoni. Siku ile ile alizifua soksi zako, maji yakawa mekundu kama supu ya nyanya. Hapa kwetu Ulverstone, karibu na bahari, tunalima mchanga wa kijivu. Udongo mwekundu uko juu vilimani, njia ya kwenda Sprent. Mama alizianika soksi. Tangu hapo aliona kila kitu. Aliona trei ya viazi ikipungua. Aliona unachana nywele kabla ya kwenda.

"Nani anachana nywele aende kushika samadi?" alimwuliza jirani yetu Hazel, wakiwa kila mmoja upande wake wa uzio.

"Mimi sisemi kitu, mwenzangu," Hazel alijibu, na sote tunajua Hazel akianza hivyo kinachofuata. "Ila pikapu yake nimeiona juu kule, kwenye nyumba yenye mapazia ya njano. Na kwenye kamba kulikuwa na aproni. Ya pinki."

"Ya kike?"

"Sasa wewe umemwona mwanamume gani wa Sprent na aproni ya pinki?"

Mama alijipanga kukuuliza waziwazi. Ndipo ukaanguka pale kwenye banda la kuku, tukakukimbiza hospitali. Mama alikaa kando ya kitanda chako, na katikati ya usingizi wako wa dawa ulisema, "Jumamosi sitaweza kwenda. Mwambie asingoje."

"Nimwambie nani, Athol?"

Ulikuwa umesinzia tena, na usingizi ule ndio uliokuchukua.

Fikiria, Baba, mwanamke anakuzika na swali hilo mkononi. Kanisani alisimama akiwatazama wanawake mmoja mmoja, kuanzia viti vya mbele hadi mlangoni. Sisi tulidhani anaangalia kama wageni wote wamepata mahali pa kukaa. Kumbe alikuwa anatafuta mmoja anayelia kupita kiasi.

Mwaka mzima alituhoji. Alimpigia Glenda simu asubuhi, bila salamu. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua nini, Mama?"

"Hivyo hivyo ndivyo baba yako alivyokuwa anajibu," alisema, akakata. Stewart naye alihojiwa akiwa juu ya ngazi, anazibua mfereji wa paa, mahali ambapo hawezi kukimbia. Hakuna kati yetu aliyejua lolote, na Mama hakutuamini hata mmoja.

Agosti hii aliingia kwenye banda lako la vifaa kwa mara ya kwanza. Alitaka chokaa ya kumwaga kwenye matuta, maana bustani haingoji mtu amalize kulia. Buti zako zilikuwa pale pale, udongo mwekundu umekauka kwenye nyayo. Na nyuma ya makopo ya rangi akakuta chupa ya achari ya nyanya mbichi, imeliwa nusu.

Mama hakuitengeneza yeye. Aliichovya kwa kidole, akaonja, akakaa juu ya ndoo. Ilikuwa achari ya marehemu mama yake, bibi yetu, yenye haradali na karafuu nyingi kuliko inavyofaa. Mapishi hayo Mama hajampa mtu, hata Hazel aliyeyaomba kwa miaka. Jikoni kwake ni wewe tu uliyekuwa ukimwona akiyapika.

Alitoka bandani ameshika chupa. "Mwanamke nilikuwa nimeanza kumvumilia," alimwambia Glenda. "Lakini kumpa na mapishi ya mama yangu, hilo hapana."

Alivaa koti lake la mazishi, akawasha pikapu yako. Glenda aliruka ndani kabla hajaondoka, kwa hiyo yanayofuata ameyaona kwa macho yake.

Nyumba yenye mapazia ya njano ilikuwa na bustani mbele. Nusu ya matuta ilikuwa imechimbwa, kingo zimenyooka kama reli, kwa mkono ambao Mama aliutambua kabla ya kufunga breki. Magugu yalikuwa yameota juu yake. Nusu ya pili haikuguswa kabisa. Na koleo lako jipya, tulilodhani limeibiwa, lilikuwa limeegemezwa ukutani.

Mlango ukafunguliwa na mwanamke kijana mwenye aproni ya pinki. Mama alimtazama kuanzia juu hadi chini.

"Wewe ndiye?"

"Mimi ndiye nani, mama?"

"Unayekula viazi vyangu."

Yule dada aligeuka ndani. "Mzee Lindsay, njoo. Kuna wageni, na mmoja simwelewi."

Glenda anasema Mama alishika lango kwa mikono miwili. Wasomaji wasiojua waelewe hivi: Lindsay ni mdogo wake Mama wa kiume, wa tumbo moja. Zamani, Mama akiwa amekwenda Hobart kuuguza jamaa, Lindsay alimhamishia mama yao kwenye nyumba ya wazee bila kumwambia dada yake, na bibi akafia huko baridi ile ile. Mama hakumsamehe. Alikataza jina lake lisitamkwe nyumbani, Lindsay akahamia Melbourne, na kwa hesabu ya Mama bado alikuwa huko.

Sasa alitokea akitembelea fimbo mbili, amezeeka, masikio yale yale ya akina Dobie, ukoo wa Mama.

"Dada," alisema.

"Usiniite dada. Achari hii umetengeneza wewe?"

"Nani mwingine anatia karafuu namna hiyo?"

"Umerudi lini?"

"Siku nyingi. Nyonga iliharibika, nikaona nije nizeekee huku. Athol alinikuta kwenye duka la mbegu nahangaika na gunia la chokaa. Akalibeba. Jumamosi akaja na koleo, na akaendelea kuja. Huyu binti ni msaidizi tu, anakuja kunifanyia usafi na kunifulia. Wewe ulidhani nini?"

"Athol alikwambia nini juu yangu?"

"Kwamba viazi ni vyako, na nisivimwagie maji mengi."

"Na mazishi? Aliyekulimia hukuweza kuja kumzika?"

"Ungenifukuza mbele ya watu."

"Ningekufukuza."

"Basi unaona," Lindsay alisema. "Niliona tangazo gazetini. Jumamosi ilipofika nikakaa hapa kibarazani kama ninavyomngojea siku zote. Nilijua haji. Nilikaa tu."

Yule binti alirudi ndani polepole, akaacha mlango wazi ili asikie. Hatimaye Mama akauliza lile ambalo hakuwahi kuliuliza, maana wakati ule alikuwa amepiga kelele tu. "Kwa nini ulimpeleka mama bila kuniambia?"

"Alianguka jikoni, jiko linawaka. Nilimkuta mkono umeungua. Akaniapisha nisikwambie. Alisema, 'Verna akijua atanibeba kwake, na kwake kuna ngazi na watoto wadogo, nitakuwa mzigo.'"

"Hilo unalisema wewe. Aliyekufa hawezi kulikanusha."

"Hawezi. Athol naye nilimweleza, akanijibu kama wewe."

"Alikujibu nini?"

"Alisema, 'Huenda ni kweli, huenda si kweli, nipe hiyo ndoo.'"

Hapo Mama alicheka, Baba. Kicheko kilimtoka ghafla, na mara ile ile akaanza kulia, kilio ambacho hakukitoa siku ya mazishi. Lindsay hakumkaribia. Tunadhani alijua angefukuzwa kwenye nyumba yake mwenyewe.

Alipomaliza alijifuta uso, akayatazama matuta. "Ameishia hapa?"

"Hapo hapo. Kwenye kile kigingi cha mbao."

Mama alivua koti la mazishi akampa Glenda, akachukua koleo. Lindsay akasema si lazima.

"Sikulimii wewe," Mama alimwambia. "Athol hakuwahi kuacha kazi nusu."

Alichimba na viatu vyake vya kanisani hadi tuta lile likafika mwisho.

Tangu siku hiyo anapanda kwenda Sprent kila Jumamosi na mwani wa pikapu nzima. Maharage mapana yametoka. Viazi vimekwenda ardhini, huku na kule. Usidhani shaka imemwisha. Anasema Lindsay ana fimbo mbili lakini akiitwa chai anatembea upesi mno. Kuhusu mkono wa bibi ulioungua, amewauliza wazee wawili waliokuwepo, na kila mmoja amesema kitu chake, kwa hiyo ameamua kuishi bila kujua. Bandani mwako amepekua mpaka kwenye masanduku ya misumari, kama kuna jambo jingine.

Wewe hajakusamehe, anataka ulijue hilo. Tulimwuliza angefanya nini kama ungemwambia ukweli Jumamosi ile ya kwanza. Alifikiri kidogo. "Ningemfungia nje," alisema. "Angelala kwa kuku. Asubuhi ningemfungulia."

Wanaokukumbuka ni mkeo Verna; wanao Glenda na Stewart; mkwe wako Joanne; wajukuu zako Tess na Callum; jirani yako Hazel, ambaye sasa anasema alijua tangu mwanzo kwamba hakuna mwanamke; na, kwa agizo la Mama, shemeji yako Lindsay Dobie.

Pumzika, Baba. Kila tutakapogeuza udongo, wa kijivu au mwekundu, tutakuwa nawe.